Nyuso za Mtongwe

Nyumba ya Picha, Mtongwe
6 Februari 1994

Mwanangu Dishon,

Kadi yako yenye picha ya mto ulioganda imefika salama, na hapa barazani imepita mkono kwa mkono mpaka pembe zimekunjika. Mzee Mwinyihaji kaitazama kwa muda mrefu, kisha akasema hayo si maji, ni chumvi.

Sasa habari ya picha zako. Tangu tulipofungua maonyesho ya wavukaji, watu hawaishi kuja. Sikudhani kwamba ghala la mbata la marehemu baba litaingiwa na watu wengi hivi kwa ajili ya kutazama ukuta. Wanakuja kujitafuta. Nyuso ishirini na nne ulizozichora pale gatini alfajiri wakingojea feri, karibu wote wamekuja kujiona. Kafedha muuza samaki alisimama chini ya picha yake na ndoo kichwani, akaniuliza kwa nini umemchora amechoka. Nikamwambia, "Kwa sababu ulikuwa umechoka." Akaridhika, akaenda zake.

Ami yangu Badi bado akipita hapa hugeuza uso, maana picha za watu hazipendi. Lakini juzi nilimwona akichungulia.

Kuna bwana mmoja mwenye hoteli Nyali, jina lake Kamau, azitaka zote. Nimemwambia nitakuuliza wewe kwanza.

Mkeo hajambo. Cherehani yake bado iko hapo hapo kwenye baraza ya Nyumba ya Picha, na suruali za watu zimemjaa mpaka miguuni. Anakusalimu sana.

Mimi Bi Barke Mohdhar


Bremen
2 Machi 1994

Bi Barke,

Shikamoo. Nashukuru kwa barua. Niliisoma karakanani nikiwa na koti na glavu, maana asubuhi chumba hakijapata moto. Mwalimu wetu ni mama wa miaka sabini. Hasifu kazi ya mtu. Akipendezwa huguna tu, na mpaka sasa amegunia kazi zangu mara mbili. Tunachonga picha kwenye ubao, tunapaka wino, kisha tunaichapa kwenye karatasi. Mimi niliyezoea kupaka rangi za meli kwenye hadibodi, sasa najifunza kutoa badala ya kuweka.

Huyo bwana wa Nyali asipewe zote. Picha ya mke wangu Philister haiuzwi. Hizo nyingine amua wewe, kwani wewe ndiye uliyenipa ukuta nilipokuwa sina hata mlango wa kubisha.

Bi Barke, nina jambo la kukuuliza, nalo naona haya. Philister mwanzoni aliniandikia kurasa nne, tena mbele na nyuma. Tangu Februari naletewa nusu ukurasa. Anasema mzima, anasema kazi ziko, kisha anamalizia, "Mengine utayajua." Mengine yapi? Tafadhali mwangalie kwa jicho la mama. Mwaka huu nilioomba kukaa huku ni mrefu kuliko nilivyodhani.

Dishon


Mtongwe
28 Machi 1994

Mwanangu Dishon,

Usijipe maradhi. Mkeo yu mzima, anakula, analala. Nilimwuliza kwa nini anakuandikia barua fupi, akacheka akainamia cherehani yake. Wanawake wana kazi nyingi. Wewe chonga mbao zako.

Mvua zimeanza. Bati la upande wa kibla linavuja, kwa hiyo nimezihamisha picha sita. Picha ya Philister iko palepale mkabala na mlango. Mtu akiingia, yeye ndiye wa kwanza kumpokea.

Bi Barke


Mtongwe
5 Mei 1994

Dishon mwanangu,

Najua telegramu yangu ilikufikia, maana kaka yako Nguma amesema ulipiga simu dukani kwa Mchaga ukalia. Nitakuandikia yote kwa taratibu. Nisamehe mwandiko.

Ijumaa iliyopita, feri ya asubuhi iliondoka hapa gatini kwetu na watu wengi, wanaokwenda kazini mjini na wanaokwenda na shughuli zao. Haikufika mbali. Ilipinduka watu wakiiona. Mimi nilikuwa barazani, nikasikia ukelele, nikadhani ni ugomvi wa sokoni. Nilipofika gatini walikuwepo watu wakivua viatu kuingia majini, na wengine walioshikwa na jamaa zao wasiingie. Philister alikuwa ndani ya feri ile.

Tulimngoja Ijumaa na Jumamosi. Jumapili tukaitwa. Nilikwenda mimi na binamu yako Nicanor kumtambua. Alikuwa na gauni lake la kijani, lile alilolishona kwa arusi ya dada yake. Uso wake ulikuwa wake, Dishon. Hilo nakuapia.

Jana tumemzika kwenu Mgange, ubavuni mwa baba yako. Mama mkwe wako, Mama Margret, alikuja na watu wa Werugha. Hakulia. Alishika mkono wangu muda wote wa maziko, akanishukuru kwa kukaa na mwanawe vizuri.

Nimesikia pasi yako iko kwa wakubwa wa uhamiaji wa huko, na ndiyo sababu hukuweza kuja. Hakuna aliyekulaumu.

Mungu akupe subira. Mimi sina maneno mengine.

Barke


Bremen
24 Mei 1994

Bi Barke,

Pasi nimerudishiwa wiki iliyopita. Niliitazama nikairudisha mfukoni. Nije kufanya nini sasa?

Nakushukuru kwa kumzika mke wangu. Nimeisoma barua yako mpaka imeanza kukatika kwenye mikunjo, na kuna mahali napakosa. Philister kazi yake ilikuwa hapo kwenye baraza yako. Vitambaa alinunua Likoni. Kuvuka alikuwa akivuka mara moja kwa mwezi, tena mchana, kwa sababu aliogopa msongamano wa asubuhi. Alikwenda wapi Ijumaa hiyo alfajiri? Na gauni la kijani la nini? Lile hakulivaa hata kanisani.

Nieleze, Bi Barke. Nikijua alikokuwa akienda nitaweza kumfuata kwa mawazo mpaka mwisho. Sasa namfuata mpaka gatini, nakwama.

Dishon


Mtongwe
15 Juni 1994

Mwanangu,

Alikuwa na safari yake ya mjini. Mtu akiamka na safari hamwambii kila mtu. Mungu ndiye ajuaye. Usijichimbe sana.

Nikupe habari ya picha, kwa kuwa ni haki yako kujua. Katika wale ishirini na nne uliowachora, kumi na mmoja hawapo tena. Kafedha yumo. Wiki moja baada ya maafa alikuja mumewe akasimama mbele ya picha. Akaniambia kwamba nyumbani hawana hata picha moja ya Kafedha, ila ile ndogo ya kitambulisho, nayo ilikuwa kibindoni mwake. Nikaishusha nikampa. Kesho yake akaja mama wa Dawa, yule kibarua wa bandari. Kisha wakaja wengine. Wanazibeba zimefungwa kwa leso, kama mtoto mchanga. Bwana Kamau wa Nyali alileta barua ya kuzitaka zote, na sasa anasema nitaje bei yoyote. Sikumjibu.

Najua ni kazi ya mikono yako na sikukuuliza. Sikuweza kumwambia mtu angoje posta ya Ujerumani ndipo achukue uso wa mkewe.

Picha ya Philister nimeitoa ukumbini, nimeiweka chumbani kwangu.

Barke


Bremen
10 Julai 1994

Bi Barke,

Picha umefanya vizuri kuwapa. Ningekuwepo ningezibeba mwenyewe mpaka majumbani mwao.

Lakini sasa nimepata barua ya Nicanor, na yeye hakunificha. Anasema Mtongwe nzima wanajua. Philister alionekana akishuka gatini alfajiri na gauni la kijani, amejipamba, ananukia manukato ambayo hakuna aliyewahi kumsikia nayo, bahasha kubwa ameikumbatia kifuani. Mwenye kioski alimwuliza anakwenda wapi, akacheka tu. Anasema watu wanataja mwanamume wa Nyali.

Nimeyapanga yote mezani. Barua za nusu ukurasa. "Mengine utayajua." Nilipokuuliza mwezi wa tatu uliniandikia kwamba alicheka akainama. Nilipokuuliza tena ukaniambia nisijichimbe. Ulijua, Bi Barke. Ulikuwa ukinihurumia.

Nimemwandikia Mama Margret. Nimemweleza niliyoyajua, na nimemwambia kwamba mwanawe hawezi kulala ubavuni mwa baba yangu. Waje wamchukue wakamzike kwao. Nguma nimempa nakala ya barua hiyo aisome mbele ya wazee.

Nilimchora yule mwanamke siku tisa. Kumbe sikumwona.

Dishon


Mtongwe
29 Julai 1994

Dishon,

Barua yako imefika leo mchana, na jua halijatua nimekwisha kaa kujibu. Isome hii mpaka mwisho hata ukitaka kuichana.

Philister hakuwa na mwanamume. Alikwenda kwa sababu nilimtuma mimi.

Mwezi wa Januari, ulipoondoka tu, niliandikia jumba moja la sanaa la Harare kuwaeleza habari zako na za Nyumba ya Picha. Wakajibu kwamba wanaandaa maonyesho makubwa, tuwapelekee picha za kamera za zile nyuso zote pamoja na fomu, na ziwafikie kabla ya nusu ya Mei. Nilimwambia Philister peke yake. Tukakubaliana usijue mpaka jibu lije, ili wakikataa usivunjike moyo katika ugeni. Barua zake zilikuwa fupi kwa sababu hakujua kukuficha jambo kwa kurasa nne. Aliniambia hivyo mwenyewe. Alisema, "Nikizidisha nusu ukurasa, Bi Barke, nitasema."

Mpiga picha alichelewa kutuletea picha. Alileta Alhamisi magharibi. Tungeweza kuzipeleka Ijumaa mchana, au Jumatatu. Mimi nikataka ziondoke kwa posta ya kwanza. Mguu wangu ulikuwa mzima, ningeweza kwenda mwenyewe. Lakini nilikuwa nimemwalika mwandishi wa gazeti aje asubuhi hiyo kutazama ukumbi, nikataka kuwepo ili anione na aandike jina langu. Hilo ndilo lililonikalisha.

Nikamwambia Philister akitoka posta apitie Nyali kwa Bwana Kamau, amwambie kwamba picha huenda zikasafiri. Nikamwambia avae vizuri kwa sababu yule bwana hutazama nguo kabla ya mtu. Manukato ni yangu. Nilimpaka mwenyewe mlangoni, nyuma ya masikio, akacheka kwa sababu yalikuwa baridi. Bahasha aliyoikumbatia ilikuwa na kazi yako wewe.

Aliniambia, "Si niende mchana, Bi Barke? Nina suruali ya mtu sijaimaliza." Nikamwambia suruali itangoja.

Sasa utaniuliza kwa nini nilinyamaza. Nilipokuandikia mara ya kwanza nilijiambia nitakueleza baada ya arobaini. Kisha watu wakaanza kuja kuchukua picha, na kila mmoja alinishika mikono akaniombea dua. Nikaonja kushukuriwa, sikuweza kuacha. Maneno ya mtaani niliyasikia. Wallahi niliyasikia, na mara moja yalisemwa barazani kwangu, karibu na cherehani yake, nami nikaingia ndani kama aliye na chungu motoni. Nikadhani yatakufa yenyewe. Sikujua yatavuka bahari.

Mwandikie Mama Margret leo hii. Mwambie ni mimi.

Barua hii sikumpa mtu. Naivusha mwenyewe.

Barke


Bremen
6 Septemba 1994

Bi Barke,

Siku niliyopata barua yako nilitoka karakanani bila koti nikampigia simu Nguma awazuie. Nguma akaniambia nimechelewa. Mama Margret alipopata barua yangu hakungoja kikao cha wazee. Alikwenda kwa chifu, akapata ruhusa, na tarehe kumi na nne Agosti alipanda Mgange na wajomba wa Philister wakamtoa mwanawe. Alipomaliza alifukia shimo akalisawazisha kwa mikono, akachukua hata maua yaliyokuwa yamekauka.

Mke wangu amefukuzwa kwangu akiwa maiti, na aliyemfukuza ni mimi. Katika hilo sina mwenzangu. Nicanor alisema, wewe ukanyamaza, lakini barua niliandika mimi kwa mkono wangu, kwa mwandiko mzuri, nikaisoma mara mbili kabla ya kuitia gundi.

Nimemwandikia Mama Margret mara tatu. Barua zote zimerudi, hazikufunguliwa.

Sikuchukii kwa kumtuma. Watu hutumana kila siku. Ile miezi mitatu ndiyo siwezi. Ungeniambia mwezi wa Mei tungemlilia pamoja, mimi huku na wewe huko, naye angekuwa amelala mahali pake.

Picha ya Philister mpelekee mama yake akiipokea. Zilizobaki fanya utakavyo. Mimi nimeomba kubaki huku baada ya Desemba, wamenikubalia. Tafadhali usiniandikie tena.

Dishon Mwakio


Mtongwe
17 Oktoba 1994

Dishon,

Umeniambia nisiandike, nami nakiuka mara hii moja. Sitaki jibu. Ni habari yako, ndiyo maana naileta.

Juzi Jumamosi nilikwenda Werugha. Nilishukia Voi, nikapanda gari la milimani, nikafika saa nane na picha imefungwa kwa shuka. Mama Margret alikuwa shambani mwake akipalilia. Aliniona tangu nikiwa njiani, akaendelea na jembe mpaka nilipofika karibu naye.

Nilimwomba awaite watu. Akaniuliza watu wa nini. Nikasema nina neno ambalo nataka lisikiwe na kila aliyelisikia lile la kwanza. Akatuma, wakaja wajomba wawili, mke wa mwinjilisti na majirani kama kumi. Nikasimama uani nikasema yote kama nilivyokuandikia wewe: bahasha, gauni, manukato, mwandishi wa gazeti. Nikasema Dishon aliandika uwongo ambao mimi ningeweza kuuzuia kwa mstari mmoja, sikuuandika. Mjomba mmoja aliinuka akasema nitolewe. Mama Margret akamwambia, "Kaa." Akakaa.

Kisha akawashukuru watu, wakaondoka. Tukabaki sisi wawili, na picha ingali imefungwa. Niliifungua nikaiegemeza ukutani. Aliitazama muda mrefu. Akasema huyu mwanamume alimtazama vizuri mwanangu, ila mdomo si wake. Mdomo wa Philister ulikuwa mkubwa kidogo, wa babake. Akaibeba akaiingiza ndani. Hakuniambia ataiweka wapi.

Kaburi nimelionyeshwa. Liko nyuma ya nyumba, upande wa migomba, wanalipitia kwenda kuteka maji. Amelizungushia mawe.

Nilimwambia kwamba barua zako zimerudi. Akasema anajua, yeye ndiye aliyezirudisha. Akasema usichoke.

Nyumba ya Picha nimeifunga. Picha kumi na tatu zilizosalia, za walio hai, nimewapelekea wenyewe majumbani. Wengine hawakutaka. Mmoja alisema hawezi kukaa nyumba moja na uso wake wa kabla ya ile siku. Hizo ziko kwangu. Kuta nimezipaka chokaa mpya na ami yangu Badi anataka kulifanya ghala hilo chuo cha watoto cha Kurani. Nimekubali.

Sasa lile lililonifanya niandike. Jua lilikuwa linazama nami nimeaga, niko kwenye lango la miti, Mama Margret akaniita. Nikarudi. Akaniuliza jambo moja tu, na aliniuliza akitazama pembeni.

"Asubuhi ile, alikuwa amekula?"

Ningeweza kumwambia ndiyo, Dishon. Ulimi ulikuwa tayari. Ningempa kitu cha kulalia, na hakuna duniani ambaye angenipinga. Nikamwambia hakula. Nikamwambia chai ilikuwa mezani na nilimharakisha, akasema atakunywa akirudi.

Hapo ndipo alipolia. Watu wananiambia hakulia alipopelekewa habari, hakulia Mgange mara ya kwanza wala ya pili. Alilia amesimama, kwa sauti, ameshika lango. Mimi sikujua kama ninayo ruhusa ya kumgusa, nikasimama tu na mkoba wangu.

Alipotulia alifuta uso kwa kanga, akaingia jikoni. Nikasikia akivunja kuni. Nilikaa kwenye kigoda mpaka giza likaingia. Akatoka na sahani ya viazi vitamu na maharagwe, akaiweka mapajani mwangu, akakaa mkabala nami, mikono juu ya magoti, akasema, "Kula."

Nilikula. Hakuondoa macho yake kwangu mpaka nikamaliza, akaipokea sahani, akaniongeza.

Barke